Vipuri vya kielektroniki navyo ni mahitaji ya wakati wa mlipuko

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu ambaye, katika barua yake kuhusu kujikinga na magonjwa ya mlipuko, alishauri kwamba ugonjwa unapozuka nje ya nchi Serikali isimamishe mara moja vifurushi vidogo vinavyoagizwa na watu binafsi, vikiwamo vikorokoro vya mafundi, kwa kuwa havina umuhimu na huenda vikaingiza maradhi. Mimi ni mmoja wa hao mafundi. Natengeneza redio, televisheni, amplifaya na bodi za majokofu, yaani vibao vya umeme vilivyo ndani yake, hapa Ngamiani, Tanga, na vikorokoro hivyo ndivyo vinavyonilisha. Hoja yake ya maradhi naipinga kwa sababu za kitaalamu. Hoja ya umuhimu naipinga kwa sababu naamini mambo yako kinyume kabisa: vipuri vya kielektroniki vinastahili kuingizwa katika orodha ya mahitaji ya dharura pamoja na dawa na glavu, tena viagizwe kabla dharura yenyewe haijabisha hodi.

Nianze na maradhi, kwa kuwa hofu hiyo si ya kubezwa. Mwaka 2020, UVIKO-19 ulipokuwa bado mgeni, kila mtu alikuwa na haki ya kuuliza kama boksi lililotoka China linaweza kumwambukiza anayelifungua. Swali hilo lilijibiwa mapema. Machi 2020 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya majaribio ya maabara yaliyoonyesha kuwa kirusi kile kiliweza kukutwa kikiwa hai kwenye plastiki hadi saa 72 na kwenye chuma cha pua hadi saa 48, ilhali kwenye karatasi ngumu ya maboksi hakikukutwa tena baada ya saa 24, na kwenye shaba baada ya saa nne. Kifurushi kinachotoka Guangzhou kwa ndege, kikashushwa Dar es Salaam, kikapita forodhani, kisha kikapakiwa basi la Tanga, hakifiki hapa kwa siku tatu hata mambo yakiwa mazuri kiasi gani. Na kile cha meli hukaa baharini kwa wiki kadhaa. Shirika la Afya Duniani nalo lilieleza kuwa uwezekano wa kuambukizwa kwa kushika kifurushi kilichosafiri ni mdogo. Hata Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005, zilizoanza kutumika Juni 2007, zinataka hatua za kuzuia magonjwa zilingane na hatari iliyopo na zisivuruge safari na biashara bila ulazima.

Niongeze jambo moja la kiufundi ambalo sijaliona likiandikwa. Wakati ule wapo waliopulizia maboksi maji ya klorini kabla ya kuyafungua, na wengine wakapulizia hata bodi zenyewe. Klorini ya kusafishia sakafu ikikauka huacha chumvi, chumvi hunyonya unyevu, na kwa hewa yetu ya pwani ambayo tayari ina chumvi ya bahari, haichukui muda njia za shaba kwenye bodi huota ukungu wa kijani na umeme ukapata pa kupita kati ya mguu na mguu wa kipuri pasipokusudiwa. Mwenye wasiwasi aliweke boksi pembeni siku tatu, afungue, atupe karatasi, anawe mikono kwa sabuni. Akiona lazima afute kipuri chenyewe, atumie spiriti ya asilimia 70 au zaidi, ambayo hukauka bila kuacha kitu.

Sasa nije kwenye hoja iliyonisukuma kushika kalamu. Kwa asiyejua namna spea zinavyofika Tanga, njia ni tatu. Wengi wetu hupiga simu Kariakoo, tukataja namba ya kipuri, na mzigo ukapakiwa basi. Wengine huagiza wenyewe kwa wauzaji wa Shenzhen, mji wenye soko la Huaqiangbei ambalo ni miongoni mwa masoko makubwa zaidi ya vipuri vya kielektroniki duniani, kisha mzigo ukapelekwa kwenye ghala la wakala aliyeko Guangzhou, ambaye hukusanya vifurushi vya watu wengi na kuvisafirisha pamoja, kwa ndege akitoza kwa kilo au kwa meli akitoza kwa ujazo. Njia ya tatu ni ya Mombasa kupitia Horohoro, mpakani na Kenya; Mombasa kwa fundi wa Tanga ni karibu kuliko Dar es Salaam.

Njia zote tatu zina sifa moja ambayo watunga taratibu huisahau, nayo ni kwamba kipuri kidogo hakisafiri peke yake, bali husafiri na abiria. Kabla ya mlipuko ule takriban nusu ya shehena ya anga duniani ilikuwa ikibebwa ndani ya ndege za abiria, chini ya sakafu wanayokalia watu. Na kutoka Kariakoo au Mombasa hubebwa kwenye buti la basi, mkononi mwa konda. Kwa hiyo tangazo linaposema kuwa wasafiri wamezuiwa lakini mizigo inaruhusiwa, anayesubiri kontena hupumua, ila anayesubiri pakiti ya kapasita ishirini, vipuri vidogo vinavyohifadhi umeme kwa muda, hujua kwamba yeye amezuiwa.

Ndivyo ilivyokuwa. Mwaka Mpya wa Kichina uliangukia tarehe 25 Januari 2020, na kila mwagizaji anajua kuwa kipindi hicho viwanda vya huko hufungwa na wafanyakazi hurudi makwao. Mwaka huo walirudi na wengi wakakwama huko huko: mji wa Wuhan ulifungwa tarehe 23 Januari na haukufunguliwa hadi tarehe 8 Aprili, na mahali pengi likizo iliongezwa. Mgonjwa wa kwanza wa Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi. Wakati huo spea zetu zilikuwa zimeshaugua kwa karibu miezi miwili. Tarehe 12 Aprili safari za ndege za abiria za kimataifa zikasitishwa nchini, zikaruhusiwa tena tarehe 18 Mei. Ndege za mizigo hazikuzuiwa, lakini nafasi ndani yake iligombewa na barakoa na mavazi ya kujikinga, na bei ya kusafirisha kilo moja kutoka China ikapaa duniani kote. Kisha tarehe 16 Mei Kenya ikafunga mpaka wake na sisi kwa abiria, ikaacha malori ya mizigo ambayo madereva wake walipaswa kupimwa kwanza. Lori lilipita Horohoro baada ya foleni yake, lakini pakiti iliyozoea kuja na basi haikuwa na wa kuibeba.

Ugonjwa ulipopoa, spea hazikupoa. Watengenezaji wa magari waliokuwa wamefuta oda zao za chipu mwaka 2020 walirudi na kukuta viwanda vimeshashika oda za kompyuta mpakato za watu waliokuwa wakifanya kazi nyumbani. Machi 2021 moto ukaunguza sehemu ya kiwanda cha chipu cha Renesas kule Naka, Japani. Mwezi huo huo meli ya Ever Given ikaziba mfereji wa Suez kuanzia tarehe 23 hadi tarehe 29. Na katikati ya mwaka vizuizi vya ugonjwa nchini Malaysia vikapunguza kasi ya viwanda ambamo chipu nyingi hutiwa kwenye maganda yake na kupimwa. Chipu ya kawaida ambayo zamani ilisubiriwa kwa wiki chache ikawa ya kusubiriwa kwa miezi.

Uhaba ukiingia feki haziko mbali, na hapa naomba uvumilivu wa msomaji, kwa sababu hasara kubwa zaidi ya kipindi kile haikuwa ucheleweshaji bali spea bandia. Msomaji mwenzangu aligusia kwamba mafundi walilangua wateja. Sikatai kwamba wapo waliolangua. Lakini mara nyingi aliyelipishwa mara mbili alilipishwa na kipuri kilichokufa wiki ileile kilipofungwa, na fundi aliyekifunga naye alikuwa amekinunua kwa bei ya kipuri halisi.

Feki zina namna zake. Ya kwanza ni kipuri kilichovuliwa kwenye bodi iliyotupwa, kikanyooshwa miguu, kikapakwa risasi upya, uso wake ukasuguliwa kufuta namba ya zamani, ukapakwa rangi nyeusi na kuandikwa namba inayotafutwa sokoni. Ya pili ni kipuri kipya kabisa lakini dhaifu, kilichoandikwa jina la mkubwa wake. Mfano unaojulikana na kila fundi wa amplifaya ni transista (vipuri vya kukuza sauti) za 2SC5200 na 2SA1943, ambazo zikiwa halisi hubeba hadi ampea 15 na kuhimili wati 150. Feki yake ukiipasua unakuta kipande cha silikoni kidogo kisichoweza kubeba hata sehemu ya mzigo huo. Mwenye bendi ya taarabu hujaribu mitambo mchana, sauti ikatoka safi; usiku ukumbi ukijaa na sauti ikaongezwa, amplifaya inakata, harusi inanyamaza, na anayeitwa tapeli ni fundi wa Ngamiani wala si mwandika namba wa ng'ambo.

Kinga ipo, ingawa si kamili. Chipu iliyopakwa rangi ikisuguliwa kwa pamba yenye asetoni huacha weusi kwenye pamba, japo walaghai wengine wameshajifunza kuandika kwa leza juu ya rangi ngumu isiyotoka kirahisi. Lenzi ya kawaida huonyesha kama vile vishimo vya duara vinavyoachwa na kalibu ya kiwandani vimejaa rangi, na kama miguu ina mikwaruzo ya kuwahi kuchomelewa. Kapasita kubwa kwa umbo lakini nyepesi mkononi ipasuliwe moja kabla ya kufunga nyingine, kwa maana imewahi kukutwa ndani ya kopo kubwa kopo dogo. Na kilicho muhimu kuliko vyote hivyo ni kununua kwa wasambazaji walioidhinishwa na watengenezaji wenyewe. Hapo ndipo penye tatizo la fundi mmoja mmoja: wasambazaji hao hutuma kwa kampuni za usafirishaji wa haraka ambazo gharama yake huizidi bei ya kipuri mara nyingi, hivyo kwa mtu mmoja haielekei, lakini kwa mafundi thelathini walioandika oda moja gharama hiyo hugawanyika hadi ikavumilika.

Najua wapo watakaosema kwamba basi kila fundi ajiwekee akiba. Ni kweli kwamba mwaka ule kilichotuokoa wengi ni lundo la bodi zilizokufa chini ya meza, ambamo tulivua rezista, dayodi na hata chipu za kuendeshea pawa saplai. Rezista, dayodi, fyuzi na kapasita za kauri hukaa miaka mingi zikihifadhiwa kavu. Kapasita za maji, yaani zile za kopo zenye kimiminika ndani, hazikai hivyo. Huharibika taratibu hata zikiwa dukani, na zikiwa kazini maisha yake huamuliwa na joto. Iliyoandikwa saa 2,000 kwa nyuzi joto 105 huongezewa maisha takriban mara mbili kwa kila nyuzi kumi zinazopungua, na kwa hiyo iliyovuliwa kwenye televisheni iliyokaa chini ya bati hapa Tanga imeshakula sehemu kubwa ya umri wake kabla hujaifunga kwingine. Betri za simu nazo hazifai kurundikwa, na kwa ndege zina mgogoro wake: tangu tarehe 1 Aprili 2016 betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake, bila kuwa na kifaa, haziruhusiwi kuwa shehena ndani ya ndege za abiria. Akiba kwa maana hiyo inahitaji mtu wa kuisimamia, kuizungusha na kutupa iliyopitwa na wakati, kazi ambayo kabati la fundi mmoja haliiwezi.

Nimezungumza redio na amplifaya kwa sababu ndiyo kazi yangu, na msomaji anaweza kusema kwamba harusi ikikosa muziki hakuna anayekufa. Nakubali. Tuitazame basi mashine ya kuchuja oksijeni kutoka hewani, ambayo wakati wa UVIKO-19 kila hospitali duniani iliitafuta. Ndani yake kuna kompresa inayosukuma hewa kupita kwenye punje za zeolaiti zinazonasa naitrojeni, na valvu zinazobadilishana zamu kati ya matangi mawili kwa amri ya bodi ndogo ya kielektroniki. Mashine hiyo husimama kwa kufa kwa kapasita ya kuanzishia mota, kwa valvu moja kukwama, kwa feni kuacha kuzunguka na joto kupanda, au kwa pawa saplai kuungua baada ya umeme kukatika na kurudi kwa kishindo, jambo ambalo hatuhitaji kusimuliwa. Kapasita yenyewe haizidi bei ya chakula cha mchana. Nimewahi kuona katika kituo kimoja cha afya, ambacho sitakitaja, mashine ya aina hiyo imesukumwa kwenye kona ikiwa na karatasi iliyoandikwa "mbovu", na nilipouliza nikaambiwa spea imeagizwa.

Sisemi kwamba fundi wa redio aguse mashine ya wodini. Wapo wahandisi na mafundi wa vifaa tiba waliosomea kazi hiyo, na mashine inayompa mtu pumzi haifungwi kapasita iliyovuliwa kwenye televisheni. Nasema kwamba mhandisi huyo naye husubiri pakiti ileile, kutoka miji ileile, kwa ndege zilezile za abiria zilizosimama. Anayependekeza kuzuia vifurushi vya vikorokoro wakati wa mlipuko anapendekeza, bila kukusudia, kuizuia na kapasita ya mashine ya oksijeni, kwa sababu afisa aliyeko kaunta hana namna ya kuzitofautisha.

Hazitofautishwi pia kwa sababu sisi waagizaji tunaandika vibaya. Kifurushi kikiandikwa tu "spea" au, vibaya zaidi, "zawadi", ofisa wa forodha ana kila haki ya kukifungua, kukiweka kando na kusubiri maelezo. Orodha ya ushuru inayofuatwa na nchi nyingi imeshatupa majina: kapasita ziko chini ya namba 8532, rezista 8533, dayodi na transista 8541, chipu 8542. Muuzaji akiombwa kuandika namba hiyo, idadi na bei ya kweli kwenye karatasi ya nje, makadirio ya kodi huwa mepesi na hakuna anayelazimika kubahatisha. Kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 inauma, lakini haiumi kama mzigo uliolala ghalani huku gharama za kuuhifadhi zikihesabiwa.

Ninachopendekeza kwa viongozi wa Mkoa wa Tanga, na wa mikoa mingine wakiona kinafaa, ni hiki. Wahandisi wa vifaa tiba waandike orodha ya vipuri vinavyokufa mara kwa mara katika mashine walizonazo, kwa namba kamili na kwa jina la mtengenezaji, na Bohari ya Dawa ivihesabu kuwa ni akiba kama inavyohesabu dawa, kwa kuagiza kila mwaka kabla viwanda vya China havijafungwa kwa Mwaka Mpya wao. Mafundi wa mitaani nao, kupitia SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, ambayo ina ofisi hapa Tanga, wapewe utaratibu wa kukusanya oda moja kwa wasambazaji walioidhinishwa, na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, itumie vipimo vyake kuzikagua spea zinapofika. Na mpaka au uwanja wa ndege ukifungwa kwa abiria, tangazo hilohilo litaje ni chombo gani kitabeba vifurushi vidogo badala ya mabasi, hata kama ni gari la Posta mara moja kwa wiki kati ya Dar es Salaam na Tanga na jingine hadi Horohoro.

Wala hili si jambo la kungoja. UVIKO-19 haukuwa wa mwisho: homa ya Marburg ilitangazwa mkoani Kagera Machi 2023, na tena Januari 2025, na Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza mpox kuwa dharura ya afya ya kimataifa. Hakuna kati ya hayo lililofunga viwanda vya Shenzhen, na ndiyo maana huu ni wakati mzuri wa kuagiza.

Upande wetu nao una kasoro yake. Mafundi tuna tabia ya kuficha namba ya spea kama mganga anavyoficha mzizi, kila mmoja akiogopa mwenzake atamchukulia mteja, na oda ya pamoja haiwezekani bila kuzitoa namba hizo mezani. Baadhi yetu hapa Ngamiani na Makorora tumeshaanza kuziandika katika daftari moja: transista za amplifaya, kapasita za pawa saplai, chipu za kuendeshea mwanga wa televisheni, fyuzi na relei za majokofu, kila kimoja na kiasi tunachotumia kwa mwezi. Ukurasa wa vifaa tiba tumeuacha wazi kwa wanaohusika. Tunachoomba kuambiwa, kupitia gazeti lako, ni ofisi gani ya mkoa itakayoipokea orodha hiyo.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Fundi wa vifaa vya kielektroniki,
Ngamiani, Tanga